Walicheka Nilipolia

Siku tuliyomzika mama yangu kijijini Kabazi, watu walicheka. Hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walikuwa majirani waliokuwa wakija kwetu kila jioni wiki hiyo nzima, wakileta kuni na maziwa, wakiimba nyimbo za kutufariji. Mimi ndiye niliyewachekesha, na sikuwa nimefanya kitu chochote ila kulia.

Inabidi nieleze kwanza hicho kilio chenyewe.

Tangu utotoni mimi hulia vibaya. Mwenzangu akilia, machozi hutangulia, sauti ikafuata. Kwangu sauti huanza chini kabisa kifuani, kama mtu anayesafisha koo, halafu hupanda kwa ghafla, hukatika, na mwishowe hutoka kitu chembamba kama bawaba ya mlango usiotiwa mafuta. Hapo navuta pumzi kwa kwikwi na mambo yanaanza upya. Ndugu zangu walikuwa wakinichokoza makusudi ili wakisikie. Hata shuleni mwalimu aliyenichapa aligeukia ubao haraka ili tusimwone uso. Mama tu ndiye hakuwahi kucheka. Alikuwa ananishika kichwa, ananikandamiza kwenye tumbo lake mpaka yote yaishe, kisha ananituma kuchota maji kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilipomaliza sekondari nilihamia Nakuru mjini, nikajiunga na kikundi cha maigizo kilichokuwa kikizunguka mashuleni kuigiza vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa. Tulienda Njoro, Molo, Gilgil, Subukia, na kila mahali tuliigiza mchezo uleule kwenye kumbi za kulia chakula zilizonuka kabichi. Nilipewa nafasi ndogo ya baba anayeletewa habari kwamba mwanawe amefariki. Kwa kawaida nilikuwa nafunika uso kwa mikono na kutikisa mabega, basi. Lakini siku moja, katika shule ya wasichana huko Molo, nilikuwa nimechoka, nina njaa, na baridi ya kule ilikuwa imeniingia hadi kwenye mifupa. Habari ya kifo ilipotamkwa, kilio changu halisi kikatoka chenyewe.

Wale wasichana walianguka kwenye viti kwa kicheko. Walipiga meza, wakashikana, na mmoja akatoka nje akikimbia. Waliosimama jukwaani nami walishindwa kuendelea. Nilidhani kiongozi wetu angenifukuza, kwa sababu ule mchezo ulikuwa wa huzuni. Lakini tulipokuwa tukipakia vitu, wasichana walijaa langoni wakiuliza, "Yule wa kulia ako wapi?" Kiongozi akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Shule iliyofuata, nililia mara mbili. Iliyofuata hiyo, nililia mwanzo, katikati na mwisho.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye televisheni. Mtayarishaji mmoja wa Nairobi alisikia habari zangu, akaniita, akanisikiliza nikilia ofisini mwake huku ameshika mbavu, akanipa nafasi katika kipindi cha vichekesho. Nilikuwa mume. Mke wangu akiniuliza nilikuwa wapi, nalia. Mwenye nyumba akibisha hodi, nalia. Chakula kikiungua, nalia. Kipindi kilipendwa sana. Nikipita mtaa wa Kaptembwo vijana wa boda walisimamisha pikipiki.

"Boss! Boss, si utulilie kidogo?"

Nami nilikuwa nawalilia. Nilisimama palepale barabarani, mfuko wa sukari mkononi, nikalia kwa furaha kabisa, watu wakanipigia makofi. Sitasema uongo: nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa na kitu ambacho hakuna mwigizaji mwingine Kenya nzima alikuwa nacho.

Niliwapelekea wazazi televisheni kule Kabazi, na jioni za kipindi sebule ilijaa majirani, watoto wakikaa chini na wakubwa wakibanana kwenye makochi. Siku moja nilikuwepo. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni akimenya viazi. Nilipoanza kulia kwenye skrini, nyumba nzima ililipuka. Baba mwenyewe, ambaye ni mzee wa kanisa na si mtu wa kucheka ovyo, aliondoa kofia akajifunika nayo mdomo. Mama aliacha kumenya.

"Wanacheka nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Huyu si analia kweli?"

"Mama, hiyo ni kazi."

"Najua ni kazi. Lakini mimi ndiye nilikuzaa. Hicho ndicho kilio chako, huna kingine. Sasa ukiwapa watu, wewe utabaki na nini?"

Nilimwambia asijali, nikamchukulia kisu nimalizie viazi. Sikulifikiria tena neno lile. Siku hizo hakuna kitu kilichokuwa kinaniumiza.

Kisha mama akaugua. Ugonjwa haukuchukua muda. Tulimleta hospitali Nakuru, tukadhani tutarudi naye nyumbani, na hatukurudi naye. Mimi ni kifungua mimba, kwa hivyo siku ya mazishi ilikuwa lazima nisimame niwashukuru watu kwa niaba ya familia. Hema zilikuwa zimesimamishwa kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na mabua makavu yalikuwa yakivunjika chini ya viti. Watu walikuwa wengi mno. Baadaye dada yangu aliniambia wengine walitoka mbali, hawakumjua mama. Walikuja kuniona mimi.

Nilipewa kipaza sauti. Nilishukuru kanisa, nikashukuru madaktari, nikashukuru kina mama waliopika. Nikaanza kusema, "Mama yetu alikuwa..." Hapo sauti ikashuka kifuani. Niliitambua. Nilijaribu kuimeza, lakini ikapanda, ikakatika, na ule mlio mwembamba ukatoka kwenye vipaza sauti vyote vinne, ukasambaa shambani hadi barabarani.

Halafu mtoto mmoja akacheka. Watoto wenzake wakamfuata. Nikasikia mtu mzima akijikohoza, mwingine akijaribu kugeuza kicheko kiwe kikohozi, na mara hema zote zikapasuka kwa kicheko. Niliona shangazi yangu, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia tangu asubuhi, amejifunika uso kwa kitambaa huku mwili wote unatikisika. Mchungaji aliinamia Biblia yake. Na mimi, kwa sababu nilikuwa naona haya, nikazidi kulia. Na nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kucheka. Nilitaka kuwaambia kwamba sauti hii si ile ya televisheni. Lakini ilikuwa ni ileile. Sikuwa na nyingine.

Dada yangu alikuja akaninyang'anya kipaza sauti. "Mna haya nyinyi?" aliwauliza. Wakanyamaza kwa aibu, na jeneza likateremshwa katika kimya ambacho hakikuwa cha huzuni bali cha watu wanaokwepa macho ya wenzao. Nilimtazama baba. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, kofia mapajani, anaangalia ardhi. Hakuinua kichwa.

Na tangu siku ile baba hakuniangalia tena vizuri. Nikienda nyumbani alikuwa na kazi shambani. Nikipiga simu alimpa dada yangu azungumze. Akitaka dawa ya ng'ombe kutoka mjini, ujumbe ulipitia kwa dada. Mimi nilielewa. Mzee wa kanisa amemzika mkewe katikati ya kicheko, na aliyekileta kicheko ni mwanawe. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingeniangalia.

Kulikuwa pia na video. Mtu alikuwa amenirekodi kwa simu, na kabla hatujarudisha viti vya kukodi nilikuwa nimeshatumiwa video hiyo na watu nisiowajua. Wengine walikuwa wameandika pole chini yake, na alama ya kicheko kando ya pole. Mtayarishaji alinipigia.

"Pole sana, ndugu yangu. Pole kabisa," akasema. "Lakini hiyo klipu imeenda mbali. Ukipumzika, urudi tufanye kipindi kimoja cha matanga. Kwa heshima, lakini."

Nilirudi, kwa maana nilikuwa na mkataba na sikujua kazi nyingine. Walinivisha koti jeusi, wakaniweka kando ya jeneza la mbao nyepesi, wakaniambia nianze. Nilifungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka. Tulijaribu tena. Niliwaza njaa, nikawaza Molo, nikamwaza mama, hapo nikafunga mdomo kabisa. Watu wa taa walikuwa wananitazama, mikono kiunoni. Mwishowe mtayarishaji akaniambia nikapumzike, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa.

Baada ya hapo walimtafuta kijana mwingine. Alikuwa amejifunza kilio changu kutoka kwa video, na alikiiga vizuri, pamoja na ile kwikwi. Siku moja, katika duka la dawa Kiamunyi, mzee mmoja alinipa mkono akanipongeza kwa kipindi cha wiki iliyopita. Nilikuwa sijacheza kipindi hicho. Nilimwambia asante, nikatoka bila dawa niliyoijia.

Nilianza kuvaa kofia ya kushuka hadi kwenye nyusi. Nilihama kanisa, na katika kanisa jipya nilikaa nyuma na sikuimba, kwa kuogopa sauti yangu isije ikakatika mahali. Wakiniita barabarani nilijifanya naongea na simu. Watu wanadhani mwigizaji huogopa kusahaulika. Mimi nilikuwa naomba nisahaulike, na Nakuru ni mji mdogo kwa mtu anayeomba hivyo.

Aliyenitoa nyumbani ni rafiki yangu wa zamani kutoka kile kikundi cha mashuleni. Alikuwa amenunua kamera na kufanya kazi ya kupiga picha za harusi. Akaniambia msaidizi wake ameondoka, nije nimshikie taa.

"Watanijua," nikamwambia.

"Nyuma ya taa hakuna mtu anakuona. Mwanga unawapiga wao."

Ilikuwa kweli. Nilishika taa harusi baada ya harusi, na kwa mara ya kwanza watu walitazama upande wangu wakiwa wamefinya macho, wasione kitu. Nilianza kuwatazama wao. Nilijifunza kwamba mama wa bibi harusi hulia wakati usioutegemea, si kanisani, bali pale anapohesabu sahani. Nilianza kumwambia rafiki yangu, geuza kamera kule, subiri, usimfuate, mwache atoke mwenyewe. Akawa ananisikiliza. Siku moja akaniambia tuache harusi mwezi mmoja tutengeneze filamu fupi yetu wenyewe, yeye ashike kamera na mimi niwaongoze waigizaji. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba sura yangu na sauti yangu visionekane wala kusikika popote.

Niliandika hadithi ya mkulima aliyefiwa na mkewe, akaachiwa ng'ombe ambaye ni mkewe tu aliyekuwa akimkamua. Watoto wanataka auzwe. Mzee anakataa, na mwishowe anakubali. Tulipata shamba upande wa Subukia ambako wenyeji walituruhusu, na mzee wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiamunyi, mtu mpole aliyezoea kuigiza michezo ya Krismasi kanisani. Kazi ilienda vizuri hadi tukafika pale ng'ombe ameshachukuliwa na mzee amebaki peke yake zizini. Nilikuwa nimeandika neno moja tu: analia.

Mwalimu akajaribu. Haikukaa sawa. Akajaribu tena, kisha akanigeukia kwa nia njema kabisa.

"Dairekta, nilie namna gani? Hebu tuonyeshe. Wewe ndiye bingwa wa mambo haya."

Msichana wa vipodozi aliuma mdomo. Rafiki yangu aliinamia kamera akaanza kufuta lenzi iliyokuwa safi. Wote walikuwa wanangoja, na nilijua nikilia vile watacheka, na nisipolia watacheka nikienda zangu. Niliwaambia wapumzike kidogo, nikaenda nyuma ya zizi nikasimama katikati ya majani ya nepia ya kulishia ng'ombe, mtu mzima, nikitamani mvua inyeshe tufunge kazi.

Pale nyuma ndipo nilipokumbuka kitu nilichokiona kesho yake baada ya mazishi. Wageni walikuwa wameondoka, hema zinakunjwa. Baba alikuwa kwenye mfereji anaosha ndoo ya mama ya kukamulia. Maziwa ya siku hiyo yalikuwa yameshapelekwa na ndoo ilikuwa imeshaoshwa na dada. Akaiosha, akaianika juani, akarudi ndani. Baada ya muda akatoka, akaichukua, akaiosha tena kwa mchanga mpaka ikang'aa. Kisha tena. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni, na niliondoka polepole kama mtu aliyemkuta mzazi wake anaoga.

Nilirudi zizini. "Mwalimu, usilie," nikamwambia. "Chukua hii ndoo uioshe."

"Niioshe tu?"

"Ioshe. Ukimaliza, ianike. Halafu uichukue uioshe tena."

Alifanya hivyo. Alipofika mara ya tatu, mikono yake ilianza kwenda taratibu, akashindwa kuiweka chini. Rafiki yangu alisahau kuzima kamera. Yule msichana wa vipodozi alikuwa anafuta machozi kwa sponji ya poda. Waliniambia nimefanya kazi nzuri, nami nilitabasamu. Lakini moyoni nilijua nimetoka kuuza kilio changu, sasa nimechukua cha baba bila hata kumwuliza.

Tulipopata ukumbi mjini wa kuonyesha filamu, Jumamosi alasiri, dada alinipigia akasema baba atakuja. Nilimwambia asimsumbue mzee, safari ni ndefu. "Amesema mwenyewe," dada akajibu. Nilikuwa na wiki nzima ya kumwambia kilichomo, na sikumwambia.

Alikuja amevaa suti ya kanisani, akakaa kiti cha kando ya njia. Taa zilipozimwa sikuitazama filamu. Nilitazama kofia yake. Ilipofika ile ndoo, ukumbi ulitulia. Hakuna aliyecheka. Ndoo ilioshwa mara ya pili. Ilipoanza kuoshwa mara ya tatu, kofia ile iliinuka na baba akatoka nje.

Ilinibidi nibaki. Filamu iliisha, watu wakasimama wakapiga makofi, wakaniita mbele, na mtu akaniuliza wazo lile la ndoo nililitoa wapi. Nilisema lilikuja tu. Makofi yale niliyapokea kichwa chini, na nadhani walidhani ni unyenyekevu.

Nilimkuta baba nje kwenye maegesho, amesimama karibu na mama anayechoma mahindi, anatazama makaa. "Twende nyumbani," akasema. Tulienda hadi nyumba ninayokodi Kiamunyi. Nilimpikia chai. Alikunywa nusu kikombe.

"Yule mzee wako hajui kukamua," akasema.

"Ni mwalimu, baba."

"Inaonekana." Akazungusha kikombe. "Siku ile ulikuwa umesimama wapi?"

"Mlango wa jikoni."

"Mimi nilidhani niko peke yangu."

"Nisamehe, baba. Ningekuuliza kwanza."

Alivua kofia akaiweka mezani, akaichukua tena. "Kijana wangu, siku ya mazishi mimi nilicheka."

Nilidhani sikusikia sawa.

"Nilicheka," akarudia. "Ulipoanza ile sauti, nilikuona ukiwa mdogo, umeanguka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, mama yako anakutoa huku anakugombeza. Ikanitoka. Nikainama ili watu wasione. Mke wangu yuko pale mbele yangu, kwenye sanduku, na mimi nacheka." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Nikaona nikikuangalia utajua. Ndiyo maana."

Miaka ile yote nilikuwa nimeamini ananionea haya mimi. Nilitaka kumwambia si kitu, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kushuka kifuani. Nilisimama nikaenda jikoni, nikafungua mfereji kwa nguvu zote, nikalia juu ya sinki. Najua alisikia, nyumba ile ina kuta nyembamba. Niliporudi alikuwa ameketi vilevile.

"Kesho tutoke mapema," akasema. "Ng'ombe hawangojei."

Nilimrudisha Kabazi asubuhi kwa gari la rafiki yangu. Tulipokuwa tunateremka kuelekea Subukia, mashamba yote yakiwa wazi chini yetu, akazungumza bila kunitazama.

"Ile picha yako usiilete kwetu."

"Sawa, baba."

"Si kwamba ni mbaya."

"Najua."

Nimetengeneza nyingine tangu hapo, na watu huniita dairekta, hata Kaptembwo. Lakini ile ya kwanza imeonyeshwa miji mingi na haijawahi kuonyeshwa Kabazi. Majirani huniuliza wataiona lini, wale wale waliotuletea kuni na maziwa. Huwaambia mashine imeharibika, kisha nauliza habari za mvua, na nikisema hivyo naangalia pembeni.